Mwenyekiti Juu ya Dungu

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulimfunga mwenyekiti wa skimu ya mpunga mikono na miguu, na aliyeshika ncha ya kamba alikuwa mama yake mzazi.

Ilikuwa ndani ya ghala, mahali wakulima wa bonde walipofanyia mikutano kwa sababu palikuwa na kivuli na magunia ya kukalia. Mwenyekiti, mtu wa kifua mbele na shati la mikono mirefu hata jua liwake namna gani, alikuwa amesimama akitangaza siku ya kuanza kupanda. Siku yenyewe ilikuwa ile ile ya miaka yote, aliyoiweka marehemu baba yake tangu mfereji ulipochimbwa. Watu waliiita Siku ya Baba. Lango kuu likifunguliwa siku hiyo, maji hushuka, na bonde zima huingia topeni kwa pamoja, mwenye jembe na mwenye maneno.

"Kuna swali?" akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka swali.

Mkono mmoja ukapanda. Ulikuwa wa shemeji yake, mke wa mdogo wake fundi baiskeli.

"Shemeji mwenyekiti, mimi mwaka huu naomba nipande mapema. Kama mwezi hivi kabla ya Siku ya Baba."

Ghala likaguna. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi, ila maji yalikuwa yamemfika shingoni. Jaruba lake la mpunga lilikuwa la kwanza kabisa chini ya lango kuu, limeegemea kilima cha mawe, na miaka hii mawe yale yalikuwa yakishika moto kama jiko lililosahauliwa. Msimu uliopita mpunga wake ulisimama mzuri, mrefu, wa kupigia picha. Alipoupeta kwenye ungo, upepo ukaondoka na karibu wote. Mapepe matupu. Maganda yasiyo na punje ndani. Na sheria ya skimu ilikuwa fupi kama kisu: jaruba likitoa mapepe misimu miwili mfululizo, ananyang'anywa mwenyewe na kupewa mwingine. Msimu mmoja alikwisha kuutumia. Alibakiwa na mmoja.

"Mapema kwa nini?" mwenyekiti akauliza. "Jua limekuandikia?"

"Bibi shamba alitueleza hapa hapa. Ninyi mlikuwa mnasinzia."

Bibi shamba, binti mwembamba mwenye pikipiki na kipimajoto alichokitundika mlangoni mwa ghala, akainuka. Alikuwa na elimu ya kujaza gunia, lakini alizungumza kama anayesoma matangazo ya vifo. "Mpunga unachanua asubuhi, saa chache tu," akasema. "Joto kali likiukuta saa hizo, ua halishiki mbegu. Zamani joto lile lilikuja baada ya mpunga kuchanua. Sasa linakuja kabla. Tukipanda mapema, tutalitangulia."

"Haraka haraka haina baraka!" mtu akadakia kutoka nyuma.

"Na chelewa chelewa inazaa nini?" mwanamke akamgeukia. Watu wakacheka, lakini jina likawa limekwisha kumganda. Tangu saa ile akaitwa Bi Haraka.

Mwenyekiti akaona mkutano unamponyoka. Hapo ndipo ulimi ukafanya kazi yake.

"Sikiliza, shemeji. Panda utakavyo. Lango silifungui kwa ajili ya mtu mmoja."

"Usifungue. Linavuja. Mimi nitakula makombo."

"Kula. Na nakwambia mbele ya hawa wote: huo mpunga wako wa papara ukijaza punje, mimi hapa, mwenyekiti, nitapanda juu ya dungu lako nikuamie ndege mpaka siku ya kuvuna. Tena nitaimba!"

Ghala likapasuka kwa vicheko. Kuamia ndege ni kukaa juu ya jukwaa la miti katikati ya jaruba tangu alfajiri, ukipiga makelele mpaka koo likauke, na ni kazi ambayo kila nyumba humsukumia asiye na la kujitetea. Mwenyekiti juu ya dungu! Heri umwone paka akifua nguo.

Kicheko kilipotulia, sauti ikatoka kwenye gunia la pembeni, alipokaa mama yake akichambua mchele.

"Na kuimba umesema, mwanangu?"

"Na kuimba, mama."

"Haya. Masikio yangu bado mazima." Akaendelea kuchambua.

*

Nyumbani, fundi baiskeli alikuwa barazani amepindua baiskeli magurudumu juu, akisikiliza hadithi ya mkutano huku akitafuta tundu kwenye mpira wa ndani kwa beseni la maji.

"Umemchokoza kaka," akasema. "Yule akisema hapana, hata saa ya ukutani inaogopa kusogea."

"Uko upande wangu au upande wake?"

"Niko upande wa anayepika." Povu likatoka kwenye mpira, akalibana tundu kwa kidole. "Mke wangu, nakuuliza kweli. Ukikosea?"

"Nikipanda siku yao, napata mapepe, jaruba linakwenda. Nikipanda mapema nikakosea, jaruba linakwenda. Sasa wewe fundi, kwenye njia mbili zenye miiba, unapita ipi?"

"Ile ambayo sijatobokea bado."

"Basi kesho ulete jembe."

Wakaandaa kitalu nyuma ya nyumba, wakakinywesha kwa ndoo. Miche ilipofika kimo cha kiganja na nusu, wakaihamishia jarubani. Lango kuu lilikuwa kuukuu, limeliwa na kutu upande wa chini, na mchirizi mwembamba ulikuwa ukipenya mchana na usiku na kupotelea kwenye majani. Bi Haraka akauchimbia kijifereji kwa jembe lake mwenyewe, ukamfuata kama mbuzi aliyeonyeshwa chumvi. Maji yalikuja kidogo kidogo, lakini hayakukatika.

Wapita njia hawakumhurumia.

"Bi Haraka, umeshavuna?"

"Bado, nasubiri uniazime gunia!"

"Bi Haraka, Idi ya mwaka kesho umeshaisali?"

"Nimeisali, nikakuombea akili!"

Siku ya Baba ikafika. Mwenyekiti akafungua lango kwa mbwembwe, bonde likajaa maji na kelele, na mpunga wa wengine ukaingia ardhini huku wa Bi Haraka ukiwa umeshamfika magotini. Kila mtu akashughulika na lake. Kisha, asubuhi zile za ukungu mwepesi, mpunga wake ukatoa masuke. Bibi shamba akaja na pikipiki yake, akachuchumaa naye ukingoni, wakatazama maganda madogo ya kijani yakifunguka na vijiuzi vyeupe vikining'inia nje, vidogo kuliko kope ya mtoto. Hewa ilikuwa baridi ya kuvalia khanga ya pili.

"Haya ndiyo maua?" Bi Haraka akanong'ona, kana kwamba angeyashtua.

"Ndiyo haya. Mchana yatafunga." Bibi shamba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje bondeni. "Yakifunga, mzigo umeingia."

Siku chache baadaye Bi Haraka akafinya punje moja kwa kucha. Ikatoka tone jeupe, zito, kama maziwa. Akafinya nyingine. Maziwa. Akarudi nyumbani akiimba, akamkuta mumewe, akamshika mikono yenye grisi, wakazunguka pale barazani mpaka baiskeli ya mteja ikaanguka.

Walisherehekea mapema mno. Kesho yake ndege wakaja.

*

Hawakuja kama ndege. Walikuja kama nguo nyeusi iliyokung'utwa angani. Kwelea, vijidege visivyojaza kiganja, maelfu kwa maelfu. Katika bonde lote, kila jaruba lilikuwa bado majani matupu, hata masuke hayajachungulia. Palikuwa na sahani moja tu iliyopakuliwa, nayo ilikuwa ya Bi Haraka.

Alipiga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Fundi akafunga mipira ya baiskeli kutoka mti hadi mti, akaning'iniza vifuniko vya bati na ringi kuukuu zikigongana kwa upepo. Ndege wakaogopa asubuhi moja. Ya pili walikaa juu ya zile ringi, wakabembea. Bi Haraka akiwafukuza upande huu, wanatua upande ule. Akikimbilia ule, wamesharudi huku. Ilipofika adhuhuri, pembe nzima ya jaruba ilikuwa imenyonywa, masuke yamesimama tena wima, mepesi, kama msimu uliopita.

Bibi shamba alipokuja alisimama akajishika kichwa. "Ndege," akasema. "Dada yangu, nisamehe. Nilihesabu joto, nikahesabu maji. Ndege nilisahau."

"Na mimi je? Nimezaliwa hapa hapa nikasahau!" Bi Haraka akaketi ukingoni, miguu ndani ya maji. Alijua kilichokuwa kikiliwa pale. Kila punje ilikuwa kipande cha jaruba.

Mama mkwe wake akafika akijikongoja kwa fimbo, akatazama angani, akatazama dungu tupu.

"Mbona nasikia unalia na mtu wa kazi unaye?"

"Nani, mama? Mume wangu yuko kule anapiga bati."

"Sisemi wako. Nasema wangu." Akageuka kuelekea njia ya ghalani. "Chuma suke moja. Twende."

Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa chumba kidogo ubavuni mwa ghala, chenye kiti cha kuzunguka ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Aliwaona wakiingia wawili, mama na shemeji, akazunguka nacho nusu duara.

"Karibuni. Ila nina kikao."

"Na nani?" mama akauliza.

"Na kamati."

"Kamati tumepishana nayo. Inakwenda jarubani kukusubiri."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, nilisema mpunga ukijaza punje. Kuchanua si kujaza."

Bi Haraka akafungua ncha ya khanga, akatoa suke, akaliweka juu ya meza. "Finya mwenyewe, shemeji."

Akafinya kwa ncha za vidole, kama anayeshika nyoka. Maziwa yakaruka yakamtua kwenye mfuko wa shati. Akalitazama lile doa. Akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa akitazama dari, anasafisha koo taratibu, kama mtu anayesubiri ngoma ianze.

"Mtaniazima kofia?" mwenyekiti akauliza.

*

Alipanda ngazi ya dungu na shati lake la mikono mirefu, viatu akaviacha chini vimepangwa sambamba kama mlangoni pa mgeni wa heshima. Mwanzo alisema "Shuu, shuu," kwa sauti ya kufukuzia kuku wa jirani. Ndege hawakujishughulisha naye.

"Shemeji," Bi Haraka akaita kutoka chini, "hao hawajui kama wewe ni mwenyekiti. Waambie!"

Akampandishia debe na kombeo. Jiwe lake la kwanza lilikwenda nyuma badala ya mbele, likampata fundi baiskeli kwenye bati lake. "Kaka! Mimi si ndege!" Watu wa kamati, waliokuja kutazama, wakacheka hadi kushikana. Kicheko kikawaamsha ndege wa upande ule, wakaruka.

Mwenyekiti akaliona hilo. Watu walikuwa wakimcheka, na ndege walikuwa wakikimbia kicheko. Kiburi ni kama farasi: hakikubali kuburutwa, lakini kikikubali kwenda, hakuna wa kukifikia. Akasimama wima juu ya dungu, akakunja mikono ya shati kwa mara ya kwanza machoni pa watu, akapiga debe, akaimba:

*Nyie ndege tokomeni, hapa pana mwenyekiti,*
*Nimetoka ofisini, nimeacha changu kiti,*
*Nimepandishwa dunguni kama kuku kwenye mti,*
*Rudini kwenu porini, kwa shemeji hampati!*

"Hampati!" umati ukajibu, na wingu zima la kwelea likanyanyuka.

Habari ikaenea bondeni kabla jua halijageuka. Kesho yake walikuja waliokuwa na nafasi. Keshokutwa wakaja hata wasiokuwa nayo. Wanawake walileta vigoda na ukili wa kusuka, wanaume wakajifanya wanapita. Kila mmoja alitaka kumsikia mwenyekiti akijitukana kwa vina. Na kila walipopiga vigelegele, kila walipoitikia "Hampati!", ndege walikata tamaa wakaenda kutafuta mbegu za nyasi huko walikotoka. Bonde lililokuwa likimcheka Bi Haraka likawa linamlindia mpunga bila malipo. Yeye akapita katikati yao na birika la chai, akijizuia asicheke kuliko wote.

"Hujambo, Bwana Dungu!" walimsalimu mwenyekiti.

"Sijambo, nawaona wote kutoka huku, na jaruba lako lina magugu!"

Kisha ikaja asubuhi moja ambapo debe lilinyamaza.

Joto lilikuwa limefika. Lilishuka kutoka kilima cha mawe kama mtu amefungua mlango wa tanuri, na jua hata halijafika utosini. Bi Haraka akatazama juu akidhani shemeji amesinzia. Hakuwa amesinzia. Alikuwa amegeuza mgongo, akitazama ng'ambo ya tuta, kwenye jaruba lake mwenyewe. Mpunga wake ulikuwa ukichanua.

"Shemeji! Ndege!"

Mwenyekiti akashuka ngazi pekupeku, akavuka tuta, akaingia katikati ya mpunga wake. Bi Haraka akamwachia mumewe debe, akamfuata. Akamkuta ameshika suke mkononi. Maganda yalikuwa wazi, na vile vijiuzi vyeupe vilikuwa vimekauka, vimejikunja. Alipovigusa vilimeguka.

"Wako ulichanua lini?" akauliza, sauti yake ya mkutano imemtoka yote.

"Asubuhi zile za ukungu. Mlipokuwa mnaniuliza kama nimeshasali Idi."

Mwenyekiti akaligeuza suke kiganjani. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Miaka yote napita hapa na viatu, natazama kwa mbali, naona kijani, naridhika. Hujawahi kunikuta humu ndani saa hizi, sivyo?"

"Wewe saa hizi huwa na kikao."

"Na kamati." Akatupa suke majini. "Lakini usijivune sana, shemeji. Unajua kwa nini baba alitaka wote tupande siku moja?"

"Kwa sababu ya maji."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nimekaa pale juu ndipo nikaelewa. Ndege wakikuta bonde zima limeiva, kila mtu anapoteza kiganja. Wakikuta jaruba moja, mwenyewe anafilisika. Mzee hakuwa ameoa tarehe. Alichotaka ni tuwe pamoja."

Bi Haraka akaitazama ile pembe yake iliyoliwa. Neno lilikuwa kweli, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na kweli kwa sababu tu imetoka kinywani mwa shemeji.

"Basi tuihame tarehe," akasema, "tuhame wote."

"Ndege!" fundi akapiga kelele kutoka dunguni. "Ninyi wawili! Mimi sijui kuimba!"

*

Siku ya kupeta, kamati ilizunguka ungo wa Bi Haraka kama watu waliokuja kutazama mtoto mchanga. Mwenyekiti mwenyewe alishika ungo. Upepo ukapita, ukachukua kidogo tu, mapepe ya ile pembe ya ndege na mengine machache. Kilichobaki kiliporomoka mkekani kwa sauti nzito ya kuridhisha.

"Jaruba lina mwenyewe," mwenyekiti akasema. Bi Haraka akainama akachota punje kwa mikono miwili, akazirudisha, akachota tena.

Majaruba ya wengine yalipovunwa, bonde lilipeperusha mapepe wiki nzima, na ya mwenyekiti yakipeperuka pamoja nayo. Ghala likajaa watu, safari hii bila kusinzia. Bibi shamba alipoanza kusema, mtu akamwambia apaze sauti.

"Mnataka tuifute Siku ya Baba?" mzee mmoja wa kamati akanung'unika. "Siku ya marehemu!"

Mama yake mwenyekiti akainua uso kutoka kwenye ungo wake wa mchele. "Marehemu alikuwa mume wangu. Alihama nyumba, akahama kitanda, na mara moja alinihama hata mimi akarudi. Sembuse siku." Akarudi kwenye mchele wake. Kura haikuhitajika.

Ikapangwa siku mpya, mwezi mmoja kabla ya ile ya zamani, lango lifunguliwe kwa wote. Na kila nyumba ikatakiwa kusimamisha dungu.

Siku hiyo ilipofika, Bi Haraka aliamka gizagiza, akajifunga khanga, akabeba miche kichwani, akashuka njia ya bondeni akijiambia kwamba leo atakuwa wa kwanza kutia mguu topeni mbele ya bonde zima. Alipofika karibu na kilima cha mawe akasikia maji yakinguruma. Lango lilikuwa wazi. Kwenye jaruba la pili, pekupeku, suruali imekunjwa magotini, mtu wa kifua mbele alikuwa ameinama akipanda, na mistari miwili ya miche ilikuwa imeshasimama nyuma yake.

Akainuka, tope hadi viwikoni, akajipangusa paji la uso akalichafua zaidi.

"Umechelewa, Bi Haraka!"

"Mistari yako imepinda, Bwana Dungu," akamjibu, akavua kandambili zake, akaingia majini.